Ramani ya Usikivu Ubongoni na Wasikilizaji wa Kigali

Sauti inapoingia sikioni na kugeuzwa kuwa mawimbi ya neva katika sikio la ndani, hupitia vituo kadhaa vya ubongo kabla ya kufika kwenye gamba lake, yaani tabaka la nje lenye mikunjo mingi, na hapo hupokewa na mkunjo mdogo uliofichika ndani ya mfereji mrefu ulio juu ya panja. Mkunjo huo huitwa kwa jina la Richard Heschl, mwanaanatomia wa Austria aliyeueleza mwaka 1878, na mwaka 1909 Korbinian Brodmann wa Ujerumani, aliyeyagawa maeneo ya gamba kwa kuzitazama seli zake kwa hadubini, aliyapa maeneo ya usikivu namba 41 na 42, ambazo wataalamu wanazitumia hadi leo.

Kwa miaka mingi mtafiti aliyetaka kuupima mkunjo wa Heschl katika picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu za sumaku, alilazimika kuuchora mpaka wake kwa mkono, kipande baada ya kipande, kazi inayochosha macho na ambayo wachoraji wawili hawakuimaliza sawasawa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu kama FreeSurfer, iliyotengenezwa na watafiti wa Boston nchini Marekani na kutolewa bila malipo. Programu hiyo hutenga ubongo na fuvu, ikatafuta mpaka kati ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe, kisha ikautanua uso wa gamba mpaka uwe mviringo kama puto ili mikunjo iliyofichika ionekane na ilinganishwe na ile ya atlasi. Atlasi ni ramani ya mfano, iliyojengwa kutokana na bongo zilizokwisha kuwekewa majina na binadamu. Kwa kila nukta ya gamba, programu hukadiria jina lenye uwezekano mkubwa zaidi kwa kuzingatia umbo la mahali hapo na majina ya majirani zake.

Lakini mkunjo wa Heschl haufanani kwa watu wote. Wapo wenye mmoja, wapo wenye miwili na hata mitatu, na mara nyingi upande wa kulia wa mtu huyohuyo hautoi umbo sawa na wa kushoto. Atlasi yenye jina moja tu kwa mahali hapo inaweza kuukata mkunjo wa pili au kuumeza wote, nayo picha iliyopakwa rangi nadhifu haimwambii mtazamaji kuwa jambo hilo limetokea. Zaidi ya hayo, mpaka wa seli alioutafuta Brodmann haulingani barabara na mpaka wa mkunjo, kwa hiyo jina linalotolewa na kompyuta ni makisio mazuri, wala si ushahidi wa mwisho. Ndiyo maana watafiti wa Geneva na wenzao walichapisha mwaka 2020 programu iitwayo TASH, inayouchukua mgawanyo wa FreeSurfer na kuusahihisha kwa ajili ya mkunjo huu peke yake.

Suala hili linaigusa Kigali kwa namna ya pekee. Kinyarwanda hutofautisha maneno kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na pia kwa urefu wa irabu, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi lolote kati ya hayo. Na msemaji huyohuyo, katika soko la Kimironko au ofisini, huweza kuhamia Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza kabla mazungumzo hayajaisha. Tafiti za Ulaya zimeuhusisha ukubwa na umbo la mkunjo wa Heschl na muziki pamoja na ujuzi wa fonetiki. Kwa hiyo itakuwa hasara kubwa kwa elimu ikiwa masikio yaliyolelewa katika lugha nyingi namna hii yatapimwa kwa ramani zisizowahi kuwaona wenye masikio hayo.

Nyenzo za kulirekebisha jambo hilo hazipo mbali. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ina huduma ya MRI. Carnegie Mellon University Africa inafundisha uhandisi wa akili unde mjini humo, na AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilianzisha huko shahada ya uzamili ya fani hiyo mwaka 2018. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu data binafsi inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, jambo la haki, kwa kuwa picha ya kichwa inaweza kutumiwa kuchora upya uso wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo uso hufutwa kabla picha haijatolewa kwa watafiti. Na idadi ya picha zinazohitajika kuanza kujenga atlasi ya wenyeji haitishi: atlasi ya Desikan na Killiany ya mwaka 2006, inayogawa kila nusu ya ubongo katika maeneo 34 na kutumika duniani kote, ilijengwa kwa picha za watu 40.