Kifaa cha maumivu: sampuli kwanza, bei baadaye

Mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu au Kibondo hafungi bei kabla ya kuona sampuli. Kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu sugu ya mgongo, kilichoanzia Marekani mwaka 1967, nacho hujaribiwa kwanza. Nyaya nyembamba huingizwa karibu na uti wa mgongo. Betri hubaki nje, kwa kawaida siku 3 hadi 10. Maumivu yasipopungua angalau kwa asilimia 50, kifaa cha kudumu hakiwekwi.

Jaribio lisigongane na mavuno: siku hizo ni marufuku kuinama, kubeba gunia au kuendesha gari. Dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa agizo la daktari tu. Maumivu yaandikwe daftarini kila siku, kama mauzo. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua.