Mtafuta kibarua asimwage siri zake kabla ya kupewa kazi

MHASIBU wa kujitegemea anayetafuta kazi katika maduka ya Kariakoo huingia sokoni kama muuzaji mwingine yeyote. Mali yake ni ujuzi. Lakini muuza vitenge huonyesha kitambaa na kuficha bei aliyonunulia. Mhasibu huanza kwa kumwaga mezani kila alicho nacho: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi, nakala ya kitambulisho cha Taifa, hata namba ya akaunti ya benki. Kazi yenyewe bado hajapewa.

Mwajiriwa wa kudumu hufanya hivyo mara chache maishani. Anayeishi kwa vibarua huomba kazi kila mara, na kila ombi huacha karatasi katika ofisi ambayo hajui nani ana ufunguo wa kabati lake.

Hasara iko wapi

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tapeli akiipata pamoja na namba ya simu, saini na jina la mzazi, anakuwa na mtaji wa kutosha kujifanya mwenyewe. Ndiyo maana mwenye kitambulisho anashauriwa kupiga *106# mara kwa mara na kuangalia laini za simu zilizosajiliwa kwa jina lake.

Wapo pia wanaotangaza kazi zisizokuwapo. Dalili yao ni haraka: wanataka nakala ya kitambulisho na "ada ya fomu" kabla hata ya kutaja kazi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi, na kwamba taarifa anazochukua ziishie kwenye sifa, uzoefu na mambo yanayohusu kazi moja kwa moja.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, na inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kudai zisahihishwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sampuli kwanza, mali baadaye

Njia iliyo salama ni kutoa taarifa kwa awamu. Wakati wa kuomba, jina, ujuzi, sanduku la posta na laini ya simu ya kazi vinatosha. Laini hiyo isiwe ile yenye akiba ya fedha. Dini, ndoa na wazazi havihusiani na kufunga hesabu.

Wakikubaliana, kitambulisho kionyeshwe. Nakala ikilazimika kuachwa, iandikwe juu yake kwa kalamu jina la anayepewa, tarehe na kazi inayohusika, ili isitumike kwingine kirahisi.

Namba ya TIN na akaunti hufuata wakati wa malipo. Hapo mteja ana sababu ya kweli, kwa kuwa mfanyabiashara anayelipia huduma za kitaalamu za mkazi hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kumpa aliyekatwa hati yake.

Siri ya mteja wa jana

Kuna siri nyingine inayosahaulika. Ili aonekane hodari, mtafuta kazi hubeba vitabu vya mteja wa zamani na kumwonyesha mteja mpya. Mteja huyo mpya anaweza kuwa mshindani wa jirani, naye huona bei za kununulia, majina ya wauzaji wa jumla na orodha ya wadaiwa. Sampuli nzuri ni hesabu za mfano, zenye majina na tarakimu za kubuni. Vivyo hivyo, namba ya simu ya mdhamini isitolewe kabla mwenyewe hajaulizwa.

Kwa mfanyabiashara anayetoa kazi, hiki ni kipimo kizuri. Anayemwonyesha vitabu vya jirani leo atamwonyesha jirani vitabu vyake kesho.

Naye mtoa kazi asikusanye asichohitaji. Anayehifadhi taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda mbele ya sheria, na rundo la wasifu wa walioshindwa ni mzigo usio na faida. Waliokosa kazi warudishiwe karatasi zao au zichanwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kibarua naye aweke daftari lake: nani amepewa karatasi gani, lini, na kwa kazi ipi. Siku jina lake likitumiwa vibaya, atajua pa kuanzia kuuliza.