Mchana kimya, usiku darasa

Tranka langu la shule lipo mpaka leo. Liko uvunguni mwa kitanda cha mama, Morogoro, likitunza mbegu za maharage anazonunua kwa watu wa Mgeta. Jina langu bado linasomeka ubavuni kwa rangi nyeupe ya mafuta, kazi ya fundi aliyekuwa akiandika mabango ya vinyozi pale sokoni. Chini ya jina aliongeza, bila kuombwa, mahali nilipokuwa nakwenda: TABORA.

Ilikuwa Januari 1994. Treni ya Reli ya Kati ilipita Morogoro usiku, na baba alilisukumia tranka dirishani kwa sababu mlango wa behewa la daraja la tatu ulizibwa na magunia na watu. Ndoo, kwanja na godoro vikafuata. Kulipopambazuka, Dodoma, niligundua kwamba wenye matranka behewani tulikuwa wanne. Hakuna aliyemjua mwenzake. Tulipofika Saranda, stesheni ambayo abiria huijua kwa kuku wake wa kuchoma, tulihesabu sarafu, tukachanga, tukapata kuku mmoja. Yule wa Newala, aliyekuwa safarini siku ya tano, alipewa paja bila mjadala. Jioni tuliposhuka Tabora, tulikuwa tayari watu wa kundi moja.

Kidato cha kwanza B kilikuwa na wanafunzi 40. Shule yetu ilikuwa miongoni mwa zile za bweni zilizopokea vijana wa kila pembe ya nchi, na kwa miezi kadhaa hatukuitana majina. Tuliitana mikoa. Wa Newala akawa Mtwara, jirani yangu wa kitanda cha chini akawa Kagera, mrefu wa dawati la nyuma akawa Mara. Mimi nilikuwa Moro. Hata leo nikipigiwa simu na mtu akasema "Moro, uko wapi?", najua huyo tumekula naye dona.

Kibao cha mninga

Tabora ni mji wa shule. Mwalimu Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St Mary's. Hayo tulitangaziwa kwenye paredi ya siku ya kwanza, kwa Kiingereza, na kusema kweli wengi wetu hatukuambulia kitu zaidi ya jina la Mwalimu.

Tulikuwa tumetoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika shule za msingi tangu 1967. Sasa Fizikia, Kemia, Jiografia na Historia vikawa vya Kiingereza kwa mkupuo mmoja, na Kiswahili kikabaki somo tu kwenye ratiba. Ili kutuzoesha lugha hiyo, palikuwa na kibao.

Kilikuwa kipande cha mninga chenye upana wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani. Ukinaswa ukisema Kiswahili, unavalishwa. Njia ya kukivua ilikuwa moja: umnase mwingine. Atakayekutwa nacho shingoni kwenye paredi ya jioni, kesho yake anapewa eneo lake la kufyeka. Basi mwenye kibao aligeuka mwindaji. Atakukanyaga kidole kwa makusudi. Atakuambia una nyoka mgongoni. Ukitamka tu "Mama yangu!", umekwisha.

Darasa likaingia ububu. Mwalimu wa Kemia, mtu mpole na mwenye kujituma, alikuwa akimaliza kueleza anauliza kama tumeelewa, nasi tunaitikia kwa pamoja kwamba tumeelewa. Akiomba mmoja afafanue, watu 40 wanatazama madawati yao. Mwalimu huyo alituona wavivu. Sisi tulijiona wajinga. Nadhani hakuna aliyekuwa sahihi kati yetu.

Embe na chumvi

Ilipofika saa nne usiku, kengele ikalia, na mara nyingi mgawo wa umeme ulikuwa umekwisha kuitangulia, ndipo shule ilipoanza. Huko bwenini kibao kilikuwa hakina nguvu. Tulikaa sakafuni kati ya vitanda, koroboi katikati, na kila aliyeelewa kitu mchana alikuwa na deni la kukieleza.

Usiku mmoja wa msimu wa maembe Tanga alikuja na embe bichi, kisu na chumvi kwenye karatasi. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa amefundisha osmosisi kwa wiki nzima, nasi tulikuwa tumeikariri maana yake neno kwa neno kama dua, bila kujua tunaomba nini. Tanga alilikata embe vipande vyembamba, akavipanga juu ya mfuniko wa tranka, akanyunyiza chumvi. Akatuambia tusubiri. Baada ya dakika chache kila kipande kilikuwa kimelegea, kimekaa kwenye kidimbwi chake.

"Maji haya yametoka wapi?"

"Kwenye embe."

"Nani kayavuta?"

Mara ndiye aliyejibu: "Chumvi."

"Basi chembe za embe zina ngozi nyembamba inayopitisha maji. Maji yametoka yaliko mengi, yakafuata penye chumvi nyingi. Mmekwisha."

Tukala somo lenyewe mpaka kipande cha mwisho. Kwenye mtihani wa muhula niliandika jibu kwa Kiingereza, lakini mate yalinijaa mdomoni.

Kila mkoa ukawa na zamu yake. Mtwara alifundisha aljebra kwa korosho alizotumiwa kutoka nyumbani. Alifumba ngumi: "Humu zimo korosho, hujui ngapi. Hiyo ndiyo herufi yenyewe. Nikikuongezea tatu ukapata kumi, nilikuwa nimefumba ngapi?" Aliyepatia alikula saba. Sijawahi kuona watu wakililia milinganyo kama tulivyoililia sisi.

Mwaka 1995, nchi ilipokuwa inaelekea kwenye uchaguzi wake wa kwanza wa rais tangu kurejea kwa vyama vingi, moto huo wa usiku ulifika ukumbini. Mdahalo wa Jumamosi ulianza kwa Kiingereza cha kukariri, kwa heshima zote. Mtu mmoja akataja jina la Mkapa, mwingine akajibu kwa jina la Mrema, na Kiingereza kikaishia hapo. Mabubu wote wakawa mawakili. Kibao kilibadilisha shingo mara tisa kwa dakika ishirini, hadi aliyekuwa nacho akakitupa mezani ili apate nafasi ya kujibu hoja.

Siku hiyo nilitambua kwamba nilikuwa nasoma na vijana wenye akili kali, na kwamba kwa karibu miaka miwili walimu wetu hawakuwa wamebahatika kuwasikia.

Redio ya mlinzi

Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996 tulikuwa kidato cha tatu. Habari ilianzia kwenye redio ya mlinzi wa lango: meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilikuwa imezama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Ndani yake walikuwa mamia ya watu.

Kagera alikaa kando ya kibanda cha mlinzi tangu mchana. Hakuulizwa kwa nini hayuko darasani. Kwenye paredi ya jioni, mwalimu wa zamu, ambaye hatukuwahi kumsikia akitamka Kiswahili, hakuuliza kibao kiko kwa nani. Alivua kofia. "Wanangu," alisema, "wenye ndugu Kagera na Mwanza piteni mbele." Shule nzima ilisimama kimya wakati wakipita.

Barua ya Kagera ilifika baada ya wiki mbili. Aliisoma peke yake, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya tranka lake, kisha akaomba anyolewe. Tulimnyoa kwa wembe na sabuni ya mche chini ya mwembe. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Waliobaki nyumbani

Binti wa dada yangu anasoma shule ya kata, mwendo wa nusu saa kutoka kwao. Shule za aina hiyo ziliongezeka kwa kasi baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004, na siwezi kuzibeza: katika darasa langu la saba tulichaguliwa watatu tu, waliobaki wakarudi shambani na sokoni. Yeye analala kwao, anakula chakula cha mama yake. Wanafunzi wenzake wote amekua nao mtaa mmoja. Kuku wa Saranda hamjui.

Lakini nilipomsimulia habari za kibao alicheka, akaniambia kwao adhabu ipo. Sera ya elimu ya 1995 ilibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Ile ya 2014 ikafungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, bila kukifunga cha Kiingereza, na yeye bado anafundishwa sayansi kwa Kiingereza. Nilimuuliza wanaelewana vipi. "Tunaelezana njiani, mjomba," alisema, "tukirudi."

Tulimaliza Novemba 1997, mvua za El Nino zikiwa zimeanza. Miaka ishirini baadaye, 17 kati yetu tulikutana Dodoma, na usiku, baada ya nyama na hotuba, likazuka swali: kibao kilibaki kwa nani? Mara aliapa kwamba alimkabidhi Tanga. Tanga akasema Kagera. Kagera akasema Mtwara. Mtwara akanyoosha kidole kwangu, nami nikakana mbele ya wote, hata nikatoa mashahidi.

Mwezi uliopita mama aliniambia nimtolee mbegu. Nilitoa mfuko wa maharage na kukuta umefungwa kwa kamba ya katani niliyoifahamu. Kibao chenyewe kilikuwa chini, kimekauka, bado kinang'aa kwa jasho la shingo 40. Mtwara alikuwa mkweli. Siku ya mwisho, langoni, matranka yakiwa juu ya mkokoteni, nilimpa mkono nikamwambia neno moja tu: kwaheri. Akaangua kicheko, akakivua shingoni mwake, akanivisha, na paredi ya jioni ya kukirudisha haikuwepo tena.