Boya Lifaalo kwa Maji Yaendayo

Mara kwa mara hufika nyumbani kwangu hapa Awindiri vijana wa majirani, na pengine askari walio katika mapumziko, wakiniuliza jambo lile lile: kwa nini wao hushinda ukingoni mwa mto tangu alfajiri hadi adhuhuri na kurudi na samaki wawili wembamba, hali mzee mmoja aliyeketi hatua kumi kutoka kwao hujaza kikapu? Huilaumu ndoana, huulaumu mwezi, huilaumu minyoo. Ni wachache walitazamao boya. Nami huwajibu kwamba, katika maji yaendayo, boya ndilo livualo. Ndoana hushika tu. (Ndugu zetu wa Pwani hulijua pia kwa jina la chelezo.)

Mkoa wetu wa West Nile una maji ya namna mbili, na mtu asiyezitofautisha hawezi kuchagua boya. Yako maji ya Nile yenyewe, yaani Nile ya Albert, itokayo ziwani na kupita Pakwach na Rhino Camp ikielekea Nimule. Maji hayo ni mapana na huenda kwa utaratibu, huku kingo zikiwa zimefunikwa na mafunjo. Kisha iko mito midogo kama Enyau wetu wa Arua, au Kaya upitao mpakani upande wa Koboko, ambayo wakati wa kiangazi hulala kama mtoto, na baada ya mvua ya mchana mmoja huamka kwa hasira. Boya lililokupa samaki Rhino Camp mwezi wa Januari litakuaibisha katika Enyau mwezi wa Agosti.

Kuvua kwa kuachia mkondo ni kazi rahisi kueleza. Boya hutupwa upande wa juu wa mto, nalo huachiwa lichukuliwe na maji, chambo kikining'inia chini yake karibu na mchanga, kama mdudu aliyesombwa na mvua. Samaki aliyezoea kungoja chakula kiletwe na mkondo hukiona kikija kwa mwendo wa kawaida, naye hana sababu ya kushuku. Lakini hapa pana siri ambayo wengi hawaijui: maji ya juu huenda mbio kuliko maji ya chini, kwani yale ya chini huzuiwa na mchanga, mawe na mizizi. Boya likiachiwa ovyo hukiburuta chambo kwa kasi ambayo hakuna mdudu yeyote aendaye nayo huko chini. Mvuvi hodari basi huuzuia mshipi kidogo kwa kidole, boya likachelewa, chambo kikatangulia.

Kwa ajili hiyo umbo la boya ni jambo kubwa. Boya jembamba kama penseli hufaa maji yaliyotulia. Ukilizuia katika mkondo huinuka na kulala ubavu. Kwa maji ya nguvu takiwa boya lenye mabega, yaani lililo nene upande wa juu na lililochongoka upande wa chini, ili ulizuiapo libaki limesimama. Hali kadhalika, katika maji yaliyotulia unaweza kuufunga mshipi chini ya boya peke yake, lakini katika mkondo ufunge mahali pawili, juu na chini. Vipande viwili vya mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli vyatosha, na vina faida nyingine: waweza kulisogeza boya juu au chini kwa kadiri ya kina bila ya kufungua fundo lolote.

Sasa tuje kwenye kosa la kwanza la vijana wetu. Wao hulichagua boya kwa ukubwa wa samaki wanayemtamani! Anayemwota sangara hufunga chupa ya plastiki, kisha hushangaa kwamba ngege wanakula chambo chake siku nzima na chupa haitikisiki. Boya huchaguliwa kwa uzito wa chubwi unaohitajiwa ili kukifikisha chambo chini. Mkondo ukiwa mkali na kina kirefu, chubwi litakuwa zito, na boya litakuwa kubwa la kulibeba. Maji yakiwa mapole na ya kina kifupi, chubwi litakuwa dogo na boya dogo vivyo hivyo. Vitu hivi viwili lazima vipatane hata kikabaki kichwa tu juu ya maji, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Jaribu nyumbani katika ndoo kabla ya kuondoka. Mama watoto ataguna, lakini ndoo haidhuriki. Samaki akivuta boya lililosawazishwa hivyo haoni uzito wowote. Akivuta lile linaloelea kama bata, huona kwamba chakula kinamvuta yeye, naye hukitema. Chupa waachie wenye nyavu. Zaidi ya hayo, upepo huikamata na kuisukuma kinyume cha mkondo.

Na boya litengenezwe kwa kitu gani? Wazee wa Nile walikuwa na mti wao, ule mwepesi uotao ndani ya maji kandokando ya mito na maziwa, ambao Wasudani huuita ambachi na wataalamu huuita Aeschynomene elaphroxylon. Gogo lake ni jepesi hata mtoto hulibeba, na wavuvi wa Ziwa Baringo huko Kenya wameutumia kuundia vyombo vyao vya kuvulia. Huchongeka kwa kisu kama muhogo. Upungufu wake ni kwamba hunywa maji, basi sharti upigwe msasa na kupakwa rangi mara mbili, hasa mahali mshipi unapoupitia. Mwiba wa nungunungu ni mzuri kupita vyote kwa ngege wa maji matulivu, kwa kuwa huonyesha hata mguso mdogo, ila haubebi chubwi la mkondo. Nami kwa matumizi ya kila siku nimerudi kwenye soli ya kandambili kuukuu. Hainywi maji, haivunjiki, na haina bei. Kata kipande, kichonge kiwe na mabega, kichome katikati kwa msumari wa moto, upenyeze kijiti cha mwanzi.

Chubwi la risasi usilibane kwa meno, wala usiyeyushe risasi jikoni mnapopikia, kwani madini hayo ni sumu, na watoto ndio wadhurikao zaidi. Na chuma chochote usichokijua ukiokotacho porini usikiguse ukidhani kitafaa uzito. Mkoa huu umepita katika vita zaidi ya mara moja; waite polisi.

Rangi ya kichwa cha boya itegemee mwanga, si mapenzi. Maji yanapong'aa kwa jua, rangi nyeusi ndiyo ionekanayo. Kivulini mwa miti, nyekundu au ya manjano. Buluu siipendi kabisa, si kwa boya wala kwa shati, maana mbung'o wa kingo za mito yetu huivutiwa. Wengi wenu mmeviona vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi, vilivyosimikwa kando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko. Vimetiwa dawa iwauayo mbung'o waletao malale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeuondoa ugonjwa huo wa aina ya Gambia usiwe tena tatizo kubwa la afya ya umma, na vitambaa hivyo vilikuwa na sehemu yake. Mtoto anayeking'oa kimoja apate kijiti cha boya anaung'oa ukuta wa nyumba yake.

Niliacha kwa makusudi jambo la mwisho, kwa kuwa linanihusu. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea mtoto wa jirani yangu, ambaye baba yake alikuwa kazini mbali, boya jekundu zuri la ambachi. Tukaenda Nile. Nilimfungia ndoana kwa mshipi mnene, nikidhani ninamsaidia, ilhali mshipi wa juu ulikuwa mwembamba na wa zamani. Ndoana ikanasa katika mizizi ya mafunjo, mtoto akavuta, mshipi ukakatika juu karibu na ufito. Boya likabaki linacheza hatua nne kutoka ukingoni.

“Mzee, si liko pale tu,” akasema, na kabla sijasimama alikuwa majini hadi kifuani.

Hatua ya tatu haikuwa na ardhi. Mvuvi mmoja aliyekuwa karibu na mtumbwi wake alimshika kwa ukosi wa shati. Mamba hatukumwona, ijapokuwa wapo. Jioni mama yake aliniambia, “Asante, shemeji, kwa kumrudisha,” na baada ya hapo hakunisemesha siku tatu. Kosa halikuwa la mtoto.

Tangu siku ile, mshipi wa ndoana huwa dhaifu kuliko mshipi mkuu. Kabla ya kutoka nyumbani huifunga ndoana katika kigingi na kuvuta, na pasipokatika chini ya boya nafunga upya. Ndoana ikinasa, hukatika ndoana peke yake, na boya hurudi mkononi. Mfukoni naweka maboya mengine mawili, ya kandambili, mabaya kwa sura, ambayo hakuna mtoto atakayeyalilia yakienda zake. Nasi huketi juu ya ukingo mkavu, miguu nje ya maji, maana Nile yetu ina kichocho pia.

Yule kijana sasa ni mrefu kuniliko. Juzi alipita na angara watano katika utepe wa mgomba, akamwachia mke wangu wawili.