Nota Zilizosahauliwa: Kutafuta na Kushirikishana Muziki Adimu wa Piano wa Kifaransa

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi nota za muziki wa piano uliotungwa Ufaransa katika karne ya 19 zilivyotoweka machoni pa watu, jinsi zinavyotafutwa, na jinsi zinavyoweza kugawanywa kwa haki. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na chuo cha theolojia. Majibu yetu ni mawili. Kwanza, mwanafunzi wa Maandiko anafahamu kazi ya miswada, nakala na matoleo, na anafahamu kwamba maandishi yasiyonakiliwa hufa. Pili, mtunzi tutakayemchukua kuwa mfano alikuwa pia mfasiri wa Biblia, na alituachia kazi iliyojengwa juu ya wimbo wa Martin Luther.

1. Mtunzi na kusahauliwa kwake

Charles-Valentin Alkan alizaliwa Paris tarehe 30 Novemba 1813 katika jamaa ya Kiyahudi, akafa katika mji huohuo tarehe 29 Machi 1888. Aliingia katika chuo kikuu cha muziki cha Paris akiwa bado mtoto, na baadaye akawa rafiki na jirani wa Chopin. Mwaka 1848 nafasi ya ualimu wa piano aliyoitarajia katika chuo hicho alipewa mtu mwingine, Antoine Marmontel. Baada ya mwaka 1853 Alkan hakupiga tena mbele ya hadhara mpaka mwaka 1873, alipoanzisha mfululizo wa maonyesho madogo.

Hata hivyo, hakuacha kutunga. Mwaka 1857 yalichapishwa Mazoezi yake 12 ya Opus 39. Ndani yake mna Simfonia yenye sehemu nne na Konchato yenye sehemu tatu, zote kwa piano moja tu bila okestra. Sehemu ya kwanza ya Konchato hiyo peke yake huchukua karibu nusu saa. Sababu za kusahauliwa zinaonekana waziwazi: muziki huu ni mgumu mno kwa vidole vya wengi, mwenyewe hakuupeleka mbele ya watu, na hakuwa na ukoo mkubwa wa wanafunzi wa kuuendeleza.

Mahali ambapo maandishi hayasomwi, hadithi huota kama magugu. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Alkan aliangukiwa na kabati la vitabu alipokuwa akinyosha mkono kuitoa Talmudi rafuni. Ushahidi wa wakati ule hauungi mkono masimulizi hayo. Barua ya siku zile yaeleza kwamba alikutwa ameanguka jikoni mwake. Kwa muda mrefu watu walijua hadithi ya kifo chake kuliko nota zake.

2. Kilichosalia na kilichopotea

Ni vema tulinganishe hatima ya kazi zake. Muziki wa piano ulichapishwa, na kila uchapishaji ulitawanya nakala katika nyumba na maktaba nyingi. Tena sheria ya Ufaransa, ambayo mizizi yake ni amri ya mfalme Francis wa Kwanza ya mwaka 1537, iliwataka wachapishaji waweke nakala katika maktaba ya taifa. Kwa hiyo, hata pale wanunuzi walipokuwa wachache, nakala ilibaki. Mnamo mwaka 1900 wapiga piano Élie-Miriam Delaborde na Isidor Philipp walisimamia kutolewa upya kwa kazi nyingi za Alkan kwa mchapishaji Costallat. Baadaye, mwaka 1964, Raymond Lewenthal alitoa mkusanyo wa kazi zake huko New York, na mwaka 1977 chama cha wapenzi wa Alkan kikaundwa Uingereza.

Lakini tazama upande wa pili. Katika miaka ya 1840 Alkan alitunga simfonia ya okestra. Mhakiki Léon Kreutzer aliiona na kuiandikia mwaka 1846, akataja kwamba sehemu ya polepole ilitanguliwa na maneno ya Kiebrania yatokayo Mwanzo 1:3. Simfonia hiyo haikuchapishwa, na leo haipo. Vivyo hivyo tafsiri yake ya Biblia. Barua zake kwa rafiki yake Ferdinand Hiller zaonyesha kwamba alitafsiri Maandiko kwa Kifaransa, na kwamba kwa Agano Jipya alitumia maandiko ya Kisiria. Humo alidokeza wazo lililomjia, kwamba mfasiri wa Agano Jipya angepaswa kuwa Myahudi. Kazi hiyo nayo imepotea yote.

Hasara hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Laiti ingelikuwapo, tungelikuwa na Injili iliyosomwa kutoka Kisiria na Myahudi msomi wa Paris, karibu karne moja kabla ya mazungumzo ya kisasa kati ya Wakristo na Wayahudi. Kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 36, chaeleza jinsi gombo lilivyochomwa na mfalme nalo likaandikwa upya, kwa kuwa Yeremia na Baruku walikuwa hai na maneno yalikuwa bado vinywani mwao. Alkan hakuwa na Baruku.

3. Jinsi ya kutafuta

Mtafutaji wa nota za zamani za Kifaransa hukutana na shida ya kwanza katika ukurasa wa jalada: wachapishaji wengi wa Paris hawakuandika mwaka. Hivyo hana budi kutazama mambo mawili. La kwanza ni namba ya bamba, yaani namba iliyochongwa chini ya kila ukurasa katika bamba la chuma lililotumika kuchapia. La pili ni anwani ya duka la mchapishaji, kwa maana maduka yalihama mtaa hadi mtaa. Wataalamu Anik Devriès na François Lesure walitoa kamusi ya wachapishaji wa muziki wa Ufaransa kati ya mwaka 1979 na 1988, na kwa msaada wake anwani na namba huweza kulinganishwa na miaka.

Shida ya pili ni matoleo. Bamba lile lile liliweza kuuzwa kutoka kwa mchapishaji mmoja hadi mwingine, likasahihishwa au likaongezewa makosa. Mwenye kuona nakala moja asidhani ameiona kazi yote. Na alinganishe, kama tufanyavyo na miswada ya Agano Jipya, akiuliza ni usomaji upi ulio wa awali na kwa nini mwingine ukatokea.

Shida ya tatu ni nota zilizobaki nyumbani. Mélanie Bonis, aliyeishi kati ya mwaka 1858 na 1937, alijiita Mel katika machapisho yake ili isijulikane mara moja kuwa ni mwanamke. Baada ya kifo chake sehemu ya kazi zake ilibaki mikononi mwa jamaa, mpaka kitukuu chake, mpiga piano Christine Géliot, alipojitia katika kazi ya kuzirudisha kwa watu. Hapa maktaba pekee haikutosha. Alihitajika mtu wa ukoo aliyejali.

4. Kugawana kwa haki

Tangu mwaka 1997 maktaba ya taifa ya Ufaransa imekuwa ikiweka picha za vitabu na nota zake katika hazina yake ya intaneti iitwayo Gallica. Mwaka 2006 ilianzishwa IMSLP, maktaba ya intaneti ambamo watu wa kujitolea huweka nota zisizolindwa tena na hakimiliki. Mwezi Oktoba 2007 ilifungwa baada ya kupokea barua ya kisheria kutoka kwa Universal Edition ya Vienna. Kiini cha mgogoro kilikuwa tofauti ya sheria: Kanada wakati huo ilihesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi za Ulaya miaka 70. Ilifunguliwa tena tarehe 30 Juni 2008.

Kutokana na hayo tunajifunza kutenganisha mambo matatu. Kazi ya mtunzi aliyekufa mwaka 1888 ni huru. Toleo jipya la kitaalamu la kazi hiyo laweza kuwa na ulinzi wake. Ujerumani, kwa mfano, huyalinda matoleo ya namna hiyo kwa miaka 25. Na rekodi ya mpiga piano aliye hai ni jasho lake. Anayetoa fotokopi ya toleo la mhariri wa leo bila ruhusa hagawani hazina ya zamani, bali anakula ujira wa mtenda kazi. Kinyume chake, anayekifungia kitabu kilicho huru ili yeye peke yake awe nacho, anakiweka karibu na moto.

5. Wimbo wa Luther mikononi mwa Alkan

Miongoni mwa kazi zilizookolewa na uchapishaji ni Opus 69, iliyotolewa katika miaka ya 1860: Impromptu juu ya wimbo wa Luther utokanao na Zaburi ya 46. Iliandikwa kwa piano yenye pedali za miguu kama zile za kinanda cha bomba, au kwa piano ya kawaida ikipigwa kwa mikono mitatu. Katika Preludio zake 25 za Opus 31, za mwaka 1847, mtunzi huyohuyo aliweka wimbo wa kale wa sinagogi, Zaburi ya 150, na neno moja kutoka Wimbo Ulio Bora.

Sisi Walutheri hatuwezi kuzisoma kurasa hizi kwa wepesi. Mwaka 1543 Luther aliandika juu ya Wayahudi maneno makali ya kutisha, ambayo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa rasmi mwaka 1994. Hatumtumii Alkan ili kuyafuta maandishi hayo. Tunasema tu kwamba Myahudi aliuchukua wimbo wetu, akautendea kwa heshima na ustadi mkubwa, nasi kwa muda mrefu hatukujua. Kutojua huko kulitokana na nota kukaa bila kufunguliwa.

Hitimisho

Kanuni tuliyoiona ni moja: kilichogawanywa kilisalia, na kilichokuwa nakala moja kilipotea. Katika sharika zetu nyimbo nyingi za kwaya zimo katika daftari moja la mwalimu, kwa sol-fa iliyoandikwa kwa kalamu. Mwalimu akihama au akifariki, daftari huondoka naye. Kwa hiyo twawaomba wachungaji na wanafunzi wafanye mambo matatu katika kila usharika: waulize madaftari hayo yako kwa nani, wayanakili kwa idhini ya watunzi wakiandika jina la kila mmoja na mwaka wa utunzi, na waweke nakala katika maktaba ya chuo na ya dayosisi.