Katibu wa Chama na Elimu ya Kazi Yake

Katika ziara za ukaguzi ninazozifanya kwenye vyama vya msingi, swali ninaloulizwa na makatibu mara nyingi kuliko mengine si la hesabu wala la sheria. Ni hili: "Ndugu mkaguzi, semina itakuwa lini?" Swali ni halali, wala sina nia ya kulibeza. Lakini nimekuta zaidi ya mara moja kwamba katibu aliyeuliza hivyo alikuwa na hoja za ukaguzi za miaka mitatu ndani ya jalada, na hakuwa amezisoma. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikafungiwa kabatini. Somo alilokuwa akilingojea lilikuwa humo kabatini.

Nakusudia kueleza hapa jinsi katibu, karani au mtunza ghala anavyoweza kuishika mwenyewe elimu ya kazi yake, hata katika mwaka ambao chama hakina fedha za kumpeleka popote. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo ninayoijua vizuri.

Mwaka 2008 nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi kwenye eneo la korosho. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, na kwa sifa hizo mbili niliajiriwa. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulikuwa bado mgeni kwetu. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005, na katika korosho ulianza kutumika mwaka 2007. Mkulima alileta magunia yake chamani, yakapimwa, akaandikiwa stakabadhi. Mzigo wa wakulima wote ukapelekwa ghala kuu, ukapimwa tena, ukangojea mnada. Kabla ya malipo ilipaswa jumla ya kilo katika orodha yetu ilingane na jumla ya ghala kuu. Safari hiyo haikulingana. Ghala lilikuwa na kilo 18 zaidi ya orodha.

Kilo kumi na nane ni kitu kidogo kati ya maelfu ya kilo, lakini bodi ilikataa kuidhinisha malipo mpaka tofauti ijulikane, na ilikuwa na haki. Tukapekua stakabadhi moja baada ya nyingine. Wengine walisema ni unyaufu, ingawa unyaufu hupunguza uzito wa korosho, hauuongezi. Jambo hilo dogo hakuna aliyelifikiri. Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi alikuja mama mmoja mjane, akaketi kwenye benchi la barazani, akauliza kwa upole, "Mwanangu, bado?" Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Mwishowe aliitwa mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa karani wa ushirika tangu miaka ya sitini. Hakufungua stakabadhi hata moja. Aliuliza tofauti ni ngapi, akaigawanya kwa tisa, akapata mbili kamili. Kisha akatuambia tutafute mahali ambapo tarakimu mbili za mwisho zinapishana kwa mbili, kama vile 3 na 5 au 6 na 8. Haikupita saa moja tukaikuta: kilo 486 za mkulima wa kitongoji kingine, nami niliyenakili orodha nilikuwa nimeandika 468.

Malipo yalifanyika juma lile lile. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuchukua fedha za ada kwa mnunuzi wa kangomba, kwa ahadi ya magunia mawili ya msimu uliofuata, na kila mkaaji wa nchi ya korosho anajua bei ya kangomba ilivyo. Kosa halikuwa katika jina lake kabisa. Alilipia tarakimu mbili za mtu mwingine, na ujinga wangu.

Nilimfuata mzee yule nyumbani kwake, nikamwuliza alisomea wapi. Akaniambia alisoma kwa posta. Kituo cha Elimu ya Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1964 kilikuwa kikitoa masomo ya utunzaji wa hesabu kwa barua. Yeye alijibu maswali usiku kwa taa ya chemli, akayapeleka posta, yakarudi yamesahihishwa kwa wino mwekundu. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 alipoteza kazi kwa siku moja. Hakupoteza hesabu. Alitunza vitabu vya duka la kijiji, na sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama alikuwa miongoni mwa wachache waliojua daftari la fedha linafunguliwaje. Tangu siku ile nimekuwa nikitofautisha mambo mawili: nafasi ya kazi, ambayo ni mali ya chama na inaweza kuondolewa na mkutano mkuu wakati wowote, na ujuzi wa kazi, ambao haumo katika mamlaka ya mkutano wowote.

Sasa basi, katibu aanzie wapi? Aanzie katika hoja za ukaguzi. Mkaguzi anapoandika kwamba "ulinganisho wa hesabu za benki haukufanywa", wengi husoma lawama. Kumbe ni somo lililochaguliwa kwa ajili ya chama hicho peke yake, na mtu aliyekaa juu ya vitabu vyao siku kadhaa. Semina ya watu sitini haiwezi kufanya hivyo. Katibu achukue hoja moja tu, ile inayorudi kila mwaka, aishughulikie mpaka iishe.

Kwa kuwa nimeutaja ulinganisho wa benki, na kwa kuwa ndio unaovisumbua vyama vingi kuliko jambo lingine, niueleze. Tuseme mwisho wa mwezi daftari lenu la fedha linaonyesha salio la benki la Sh. 4,860,000, na taarifa ya benki inaonyesha Sh. 5,213,000. Katibu asiyejua huingiwa na hofu, au, vibaya zaidi, hubadili daftari lake lifanane na la benki. Ajuaye huketi na karatasi mbili, akaweka alama ya vema penye kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili, kisha akatazama visivyo na alama. Hapo atakuta, kwa mfano, kwamba mlimwandikia mwenye lori hundi ya Sh. 370,000 naye hajaipeleka benki. Basi 5,213,000 ukiondoa 370,000 ni Sh. 4,843,000. Upande wa pili atakuta benki imekata gharama zake Sh. 17,000 ambazo daftari halikuwa na habari nazo. Basi 4,860,000 ukiondoa 17,000 ni Sh. 4,843,000. Zimekutana. Gharama ya benki huandikwa katika daftari la fedha. Hundi ya mwenye lori haiguswi, hungojewa. Kazi hii haizidi nusu siku kwa chama cha kawaida, ikiwa hufanywa kila mwezi. Ikiachwa mwaka mzima inakuwa kazi ya juma, na humo ndimo wizi hujificha.

Afanyaye hivyo miezi sita mfululizo atakuwa amejifunza sehemu ya utunzaji wa hesabu ambayo wengine huilipia. Hesabu hazijifunzwi kwa kusikiliza. Wapo wanaokumbuka chakula cha semina kuliko somo lake, nami siwalaumu sana, maana masomo mengine hutolewa kwa namna ambayo chakula ndicho kilichoandaliwa vizuri zaidi.

Pamoja na hayo namshauri kila katibu awe na daftari dogo la makosa yake. Si la kuonyesha bodi. Aandike tarehe, kosa, jinsi lilivyogunduliwa na nini kilichosababisha. Mimi nilianza na lile la 486, na ndani ya mwaka mmoja niligundua kwamba karibu makosa yangu yote yalitokea jioni, nilipokuwa nikinakili orodha baada ya kupima mizigo tangu asubuhi. Nikahamishia kazi ya kunakili asubuhi ya pili. Hakuna mwalimu ambaye angeweza kuniambia hilo.

Lipo jambo la kompyuta, nalo lazima lisemwe wazi. Mizani ya kielektroniki imeingia vituoni, orodha za wakulima na namba zao za benki hutayarishwa kwa kompyuta, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, unaoitwa MUVU. Nimefika katika chama ambacho neno la siri la kuingilia mfumo lilijulikana na kijana wa duka la steshenari, wala si na katibu. Kila ilipotakiwa taarifa, katibu alikwenda dukani na karatasi zake, akaketi pembeni kama mgeni. Kijana yule alikuwa mwaminifu, bahati njema. Lakini tarakimu moja ya namba ya benki ikikosewa, fedha ya mkulima haifiki, au inakwenda kwingine, na atakayesimama mbele ya mkutano mkuu kujibu si mwenye steshenari. Ndugu katibu, ikiwa huijui kompyuta, mlipe kijana huyo huyo akufundishe badala ya kumlipa akufanyie. Saa moja kila siku ya gulio kwa miezi mitatu yatosha kujifunza kuandika orodha, kujumlisha safu na kutunza neno la siri kichwani mwako. Umri si kizuizi. Nimemwona katibu mwenye wajukuu akifanya kazi hiyo vizuri kuliko karani wake.

Kwa wanaotaka kwenda mbele zaidi milango ipo. Chuo cha Ushirika Moshi kilichoanzishwa mwaka 1963, na ambacho ni Chuo Kikuu tangu mwaka 2014, hupokea pia wanaosoma ngazi ya cheti. Asiyemaliza sekondari anaweza kusoma kwa utaratibu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huku akiendelea na kazi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inayo mitihani ya ngazi za mwanzo ambayo mtu mwenye kidato cha nne aweza kuianza. Masharti na ada aulize mwenyewe huko huko, wala asitegemee habari za kusikia.

Ada hizo ni nani alipe? Hapa nazungumza na bodi na wanachama. Elimu si hisani katika ushirika. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanza duka lao mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu, na hadi leo elimu, mafunzo na habari ni miongoni mwa misingi saba ya ushirika duniani. Makisio ya chama yasiyo na kifungu cha elimu yana upungufu, hata kama yamepitishwa kwa makofi.

Lakini katibu naye ajue kuomba. Barua isemayo "naomba kupelekwa mafunzo" haimpi mjumbe wa bodi la kushika. Aandike hivi: hoja fulani ya ukaguzi imetajwa miaka miwili mfululizo, mimi nimeanza kuishughulikia na miezi minne sasa imelinganishwa, viambatisho hivi hapa, kinachonishinda ni kufunga hesabu za mwaka, naomba siku kumi na nauli nikajifunze hilo, na nitakaporudi nitamfundisha karani. Sijaona bodi nyingi zikikataa barua ya namna hiyo. Naijua moja iliyokataa, ikampeleka jamaa wa mwenyekiti, naye akarudi na mkoba mpya.

Wanachama husema, "Tukimsomesha atatukimbia." Hofu hiyo ina msingi, wapo waliokimbia. Nilikikagua chama ambacho katibu wake, baada ya kupata cheti, alichukuliwa na chama kikubwa zaidi. Nilitazamia kukuta vitabu vimelala. Nikakuta daftari la fedha limefungwa hadi jana yake, kwa mwandiko wa binti aliyekuwa karani. Bodi ilikuwa imempa katibu ruhusa ya masomo kwa sharti lililoandikwa katika muhtasari: kila Ijumaa alasiri amfundishe karani alichojifunza juma hilo. Sharti hilo halikugharimu chochote, na mahali pengine nimelipendekeza tangu hapo.

Mwanachama wa kawaida naye asikae kando. Ajifunze kusoma stakabadhi yake kabla ya kuondoka mizanini: kilo, daraja, tarehe, namba yake ya benki. Yule mama wa barazani alihesabu magunia yake kwa kufunga fundo katika ukambaa, fundo moja kwa kila gunia, na hesabu yake haikukosea.

Msimu ujao nitakapopita vyamani nitaomba kwanza, kabla ya leja na kabla ya chai, kuonyeshwa ulinganisho wa benki wa mwezi uliotangulia. Katibu ambaye hajawahi kuufanya asifiche. Atoe taarifa ya benki na daftari lake la fedha, nasi tutauketia pamoja asubuhi hiyo.