Riwaya za Mapenzi Kwenye Runinga (2): Nani Anamtazama Darcy?

Elizabeth Bennet amebaki peke yake katika nyumba ya mchungaji, kijijini Hunsford. Kichwa kinamuuma, na anapitia tena barua za dada yake Jane. Darcy anaingia bila kutarajiwa. Anakaa, anasimama, anazunguka chumba, halafu anamwambia kuwa anampenda na anataka kumuoa. Posa yenyewe ina matusi ndani yake, kwa kuwa Darcy anasisitiza jinsi ukoo wa Elizabeth ulivyo chini ya hadhi yake. Elizabeth anamkatalia kwa maneno makali.

Hiyo ni Sura ya 34 ya Pride and Prejudice, riwaya yenye sura 61. Ilitoka London mwezi Januari 1813 bila jina la Jane Austen. Kitabu kilieleza tu kwamba kimeandikwa na mtunzi wa Sense and Sensibility. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hupigwa na butwaa katika sura hiyo pamoja na Elizabeth. Ni kweli kwamba Austen alidokeza mapema, tangu Sura ya 6, kuwa macho ya binti huyo yamemvuta Darcy. Lakini bwana huyo akishaondoka Netherfield, jumba lililo jirani na akina Bennet, msimulizi anaufunga mlango wa moyo wake, na msomaji analazimika kumpima kwa mizani ya Elizabeth. Elizabeth akikosea, msomaji naye amekosea.

Runinga ifanye nini na mlango huo uliofungwa? Swali hili ndilo linalotenganisha tamthilia mbili za BBC zinazozungumziwa leo, ile ya 1980 na ile ya 1995.

Ya 1980 ina sehemu tano. Mswada wake uliandikwa na Fay Weldon, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa riwaya, na mwongozaji alikuwa Cyril Coke. Ilirekodiwa kwa kamera za video, kwa mtindo wa tamthilia za studio za enzi hizo: mwanga umesambaa kila mahali, maongezi ni marefu, waigizaji wanasemezana kana kwamba wako jukwaani. Kijana wa leo aliyezoea tamthilia za kasi ataona inajikokota. Asiizime haraka. Weldon alikusudia kubaki upande wa Elizabeth. Sauti ya Elizabeth Garvie, anayemwigiza Elizabeth, inatusikilizisha mawazo ya binti huyo, na Darcy tunamwona kwa macho yake tu.

Watazamaji wengi humlaumu David Rintoul kwamba Darcy wake amekauka kama gogo. Lawama hiyo haina uzito. Huyo ndiye Darcy anayeonwa na Elizabeth katika nusu ya kwanza ya kitabu, na kama angetabasamu mapema, Sura ya 34 ingepoteza makali yake. Kosa la tamthilia hii, kama lipo, liko baadaye: hata moyo wa Darcy unapolainika, uso wa Rintoul unachelewa kutupa habari.

Ya 1995 ni jambo jingine kabisa. Sehemu zake ni sita. Aliyeandika mswada ni Andrew Davies, Simon Langton akaongoza, na ikapigwa kwa filamu katika majumba na vijiji halisi. Inaanza kwa wanaume wawili juu ya farasi, Darcy na rafiki yake Bingley, wakilikagua jumba la Netherfield kwa mbali, huku Elizabeth akiwatazama kutoka kilimani. Ukurasa wa kwanza wa Austen hauna farasi wala kilima, una mume na mke wakizozana kuhusu jirani mpya. Davies amekwisha kutangaza msimamo wake: hapa Darcy naye ana hadithi yake.

Tangu hapo mtunzi wa mswada anampa Darcy faragha ambayo kitabu kilimnyima. Tunamwona akitoka kuoga na kusimama dirishani, akimtazama Elizabeth anayecheza na mbwa bustanini. Tunamwona akifanya mazoezi ya upanga ili aisahau sura yake. Baada ya posa kukataliwa, barua anayojitetea kwayo, ambayo kitabuni ni maandishi matupu yanayosomwa na kurudiwa kwa hasira, kwenye skrini inageuka picha za mambo yaliyopita, na Wickham, hasimu wa Darcy, anaonekana wazi akitaka kumtorosha Georgiana, mdogo wake Darcy. Baadaye Lydia, mdogo wake Elizabeth, anapotoroka na Wickham huyo huyo, Darcy anaonekana akiwasaka katika mitaa ya London. Kitabuni tunaipata habari hiyo mambo yakiwa yamekwisha, kwa barua ya Bibi Gardiner, mke wa mjomba wake Elizabeth.

Halafu kuna ziwa. Darcy anarudi nyumbani kwake Pemberley kukiwa na joto, anavua koti, anajitosa majini, kisha anakutana uso kwa uso na Elizabeth shati likiwa linachuruzika maji. Austen hakuandika hata sentensi moja ya tukio hilo, ingawa leo wako watu watakaoapa kwamba waliisoma. Pemberley yenyewe imeungwa kwa majumba mawili. Nje ni Lyme Park, Cheshire, na vyumba vya ndani ni vya Sudbury Hall, Derbyshire. Shati lilimpa Colin Firth, Darcy wa 1995, umaarufu wa dunia nzima, hata Helen Fielding akamwita mwanamume wa kitabu chake cha Bridget Jones kwa jina la Darcy, na mwaka 2001 Firth mwenyewe akamwigiza. Jambo linalosahaulika ni kwamba tuzo ya BAFTA ya uigizaji bora ilikwenda kwa Jennifer Ehle, aliyekuwa Elizabeth. Ilimstahili. Ehle anacheka kwa macho kabla ya mdomo, na akili ya Elizabeth inaonekana ikifanya kazi hata anaponyamaza.

Je, Davies aliharibu? Alichotoa ni fumbo. Mtazamaji wa 1995 anaijua posa kabla haijatamkwa, kwa hiyo hakosei pamoja na Elizabeth, anamsubiri tu agundue kosa lake. Alichotia ni shauku ya pande mbili, na hilo lina sababu ya kiufundi. Katika riwaya mhusika anaweza kukaa kimya kurasa ishirini na msomaji asimfikirie. Kwenye skrini uso wake upo pale pale, na lazima ufanye kitu.

Kuna suala la fedha pia, ambalo mashabiki wa mahaba hulipita mbio. Bwana Bennet anapata pauni 2,000 kwa mwaka, lakini shamba lake limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume tu. Akifa, mkewe na mabinti zake watano hawana haki nalo, litakwenda kwa binamu yao, Collins. Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka. Asiyeijua hesabu hiyo atamcheka Mama Bennet bure kwa kuhangaikia waume. Alison Steadman, mama wa 1995, anapiga kelele kupita kiasi, lakini hofu yake ina msingi.

Na Collins? Austen anamtaja kuwa kijana wa miaka 25, mrefu na mzito wa umbo. Malcolm Rennie wa 1980 anakaribia maelezo hayo. David Bamber wa 1995 hafanani nayo kabisa, ila unyenyekevu wake unaoteleza kama mafuta unakera kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kudai urefu.

Filamu ya Joe Wright ya mwaka 2005, yenye Keira Knightley na Matthew Macfadyen, si ya runinga, na ikabidi ibane sura zote 61 ndani ya takriban saa mbili. Humo posa ya Hunsford imehamishiwa nje, mvua ikinyesha. Inapendeza macho. Hata hivyo, chumba kidogo cha mchungaji ambamo mtu hana pa kukimbilia kina nguvu zaidi. India nayo ilikuwa na toleo lake la Kihindi kupitia shirika la Doordarshan mwaka 1985, lililoitwa Trishna.

Msomaji anayetaka kulinganisha mwenyewe hana haja ya kutazama saa zote kumi za BBC kwa mpigo. Aanze na Sura ya 34 hadi 36 kitabuni, kisha atafute sehemu hizo katika kila toleo, na ajiulize kamera imesimama upande wa nani. Ambaye hajaisoma riwaya na anataka kushtuka kama Austen alivyokusudia, aanze na ya 1980. Kwa uigizaji, ya 1995 inashinda, na sababu ni Ehle kuliko ziwa.

Wiki ijayo ni zamu ya Jane Eyre: tamthilia ya 1983 ya sehemu 11 yenye Timothy Dalton, na ile ya 2006 iliyomaliza hadithi hiyo hiyo kwa sehemu nne.